Gunia lina cheti cha kuvuka mpaka, damu ya mwenye gunia haina

Mfanyabiashara anayeshusha mzigo katika Bandari ya Bujumbura anajua thamani ya karatasi. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha asili ya bidhaa kilichogongwa muhuri upande mmoja wa mpaka kinasomeka upande wa pili. Ofisa wa forodha hamlazimishi mwenye maharage ayalime upya mbele yake ndipo aamini kwamba yametoka Kigoma.

Sasa mtazame mwenye maharage mwenyewe. Akipimwa damu Kigoma mwezi huu, akaumwa na kupimwa tena Bujumbura miezi mitatu baadaye, kisha akafika Uvira na kupimwa mara ya tatu, aghalabu kila kituo huanza naye upya kana kwamba kazaliwa jana. Majibu ya kwanza yamebaki kwenye daftari la zahanati ng'ambo ya ziwa.

Kwa malaria hilo si hasara kubwa, maana kipimo cha leo kinajibu swali la leo. Kaswende, ambayo wengine huiita sekeneko, ina tabia nyingine. Majibu yake ya leo hayasomeki vizuri mpaka yawekwe kando ya majibu ya mwaka jana. Asiye na ya mwaka jana anaweza kudungwa sindano kwa ugonjwa aliokwisha kupona au, baya zaidi, kuachwa na ugonjwa uliokwisha kupanda kwenye ubongo.

Kuna sababu mbili za kulizungumza jambo hili sasa. Ya kwanza ni takwimu. Mei 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba mwaka 2022 watu milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa kaswende. Mwaka 2020 makadirio yalikuwa milioni 7.1, na lengo la dunia ni kuishusha idadi hiyo mara kumi ifikapo 2030. Badala ya kushuka imepanda, na Afrika ni miongoni mwa kanda zilizoongoza kwa ongezeko. Vifo vilivyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2022 vilikadiriwa kuwa 230,000.

Sababu ya pili inatoka maabara. Watafiti, wengi wao nchini China, wanatafuta alama ndani ya damu itakayoonyesha kama kaswende imeingia kwenye mishipa ya fahamu, ili mgonjwa asitobolewe mgongo. Ni habari njema. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba tayari tunayo namba moja ya damu yenye uwezo wa kutuongoza, nasi tunaipoteza kila tunapovuka mpaka. Tusipojifunza kuibeba hiyo, hata kipimo kipya kikifika gatini hakitatufaa sana.

Kidonda kisichouma

Kaswende huletwa na bakteria aitwaye treponema, mwembamba na aliyejisokota kama skrubu. Huambukizwa kwa kujamiiana, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Alama ya kwanza ni kidonda ambacho kwa kawaida hakiumi. Hukaa wiki tatu hadi sita, kisha hupona chenyewe hata bila dawa. Mtu aliye safarini humshukuru Mungu, au huvishukuru vidonge alivyonunua duka la dawa, na kuendelea na biashara. Wiki kadhaa baadaye anaweza kuota vipele, wakati mwingine hata kwenye viganja na nyayo. Navyo hupotea. Kisha mwili hunyamaza kwa miaka.

Kunyamaza huko si kupona. Bakteria hawa huweza kuingia mapema sana kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1988 watafiti wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Sheila Lukehart, waliwakuta ndani ya maji hayo kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa waliowapima katika hatua za awali. Miili ya wengi huwashinda bila mwenyewe kujua. Asiyewashinda anaweza kupata ukungu machoni, kuziba sikio ghafla, kuumwa kichwa kisichotulia, kupooza uso au upande mmoja wa mwili. Wengine hupatwa baada ya miaka mingi: kumbukumbu hupungua, tabia hubadilika, miguu huchomachoma na mwendo huyumba.

Kwa watu wa biashara dalili hizi zina sura zake. Chukulia mama aliyekuwa akikokotoa faranga, shilingi na dola kichwani bila kalamu. Leo anakosea chenji, anasahau aliyemkopesha, anagombana na wateja wa miaka kumi. Majirani watasema amerogwa, au mtaji umekata, au ni pombe. Chukulia pia nahodha wa boti mwenye miaka 35 anayepatwa na kiharusi ilhali hana shinikizo la damu. Si kila mwenye dalili hizi ana kaswende; wengi hawana. Lakini kipimo cha kuiangalia ni cha bei ndogo, na anayeikosa hulipa kwa macho au akili.

Sindano ya mgongoni

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, ambacho siku hizi kimeunganishwa na kile cha Virusi vya Ukimwi kwenye kifaa kimoja, kinaweza kuonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kaswende. Hakiwezi kusema kama imefika kwenye ubongo. Kulijua hilo, daktari huhitaji maji ya uti wa mgongo.

Mgonjwa hulazwa ubavu, amejikunja, sindano ikapitishwa kati ya mifupa ya chini ya mgongo. Ikifanywa na mtu mwenye ujuzi, baada ya kuhakikisha hakuna kinachoizuia, ni kazi ya kawaida ya hospitali. Lakini hofu yake ni kubwa. Tafiti za Uganda na Zambia zimeeleza jinsi wagonjwa na ndugu zao wanavyoikataa kwa kuamini kwamba huleta kupooza au kifo. Mara nyingi ni kwa sababu walioonekana wakidungwa ni wale waliokuwa mahututi tayari. Mfanyabiashara ana sababu nyingine ya kuikataa: mzigo uko gatini, na kila siku unakula ada ya kuhifadhiwa.

Isitoshe, hata sindano yenyewe haitoi jibu la uhakika kila mara. Kipimo kinachoaminiwa zaidi katika maji hayo kikisema ndiyo, jambo karibu limekwisha. Kikisema hapana, bado inawezekana ugonjwa upo, kwa sababu hukosa sehemu kubwa ya wagonjwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusiwatibu wote kwa dawa moja tukamaliza? Kwa sababu tiba ni mbili. Kaswende changa hutibiwa kwa dozi moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, inayodungwa kwenye msuli. Iliyokaa muda mrefu, au isiyojulikana umri wake, huhitaji dozi tatu, moja kila wiki. Dawa hiyo ni nafuu na ya kuaminika, ila haifiki kwa kiasi cha kutosha kwenye maji ya ubongo. Kaswende ya mishipa ya fahamu huhitaji penisilini ya kupitia mshipa wa damu, mchana na usiku, siku 10 hadi 14.

Kwa hiyo swali la kama imepanda au haijapanda ndilo linaloamua mtu adungwe zahanati aendelee na safari, au alale wodini wiki mbili. Kumlaza asiyestahili ni kumfilisi. Kumwacha anayestahili kulazwa ni kumfilisi zaidi, ila polepole.

Wanachokitafuta katika damu

Alama zinazochunguzwa ni za aina mbalimbali. Moja ni nyurofilamenti, protini inayounda nyuzi za ndani za seli za fahamu. Seli ikiumia, protini hiyo huvuja, na mashine za kisasa zenye hisia kali zinaweza kuiona hata kiasi kidogo kikiwa kimefika kwenye damu. Wagonjwa wa kaswende ya ubongo wameonekana kuwa nayo nyingi. Shida ni kwamba hupanda pia kwa mwenye kiharusi, kwa aliyeumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki, kwa aliyeathiriwa ubongo na Virusi vya Ukimwi, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Ni moshi: unaonyesha kwamba moto upo, hauonyeshi aliyeuwasha.

Nyingine ni CXCL13, protini ambayo mwili huitumia kuziita seli za kinga mahali penye maambukizi. Katika maji ya uti wa mgongo imeonyesha uwezo mzuri wa kuitambua kaswende ya ubongo. Katika damu mambo hayajawa wazi, kwa kuwa damu inabeba wito wa mwili mzima. Protini hiyohiyo imechunguzwa katika ugonjwa wa malale, ambao Kongo na Uganda wanaujua vizuri, na huko pia hupanda vimelea vikiingia kwenye ubongo. Mgonjwa wa malale na mgonjwa wa kaswende wanaweza kutoa namba zinazofanana.

Hii ndiyo sababu alama iliyojaribiwa hospitali za miji michache ya China haiwezi kushushwa Bujumbura kama kontena na kuanza kutumika. Damu ya huku ina historia yake. Kuna malaria, ambayo inaweza kuvuruga hata vipimo vya kawaida vya kaswende. Kuna Virusi vya Ukimwi. Kuna buba, ugonjwa wa ngozi wa utotoni unaoletwa na ndugu wa karibu wa bakteria wa kaswende. Bado upo Kongo, na vipimo vya damu havitofautishi kati ya hao wawili. Kipimo kipya kitakuwa na thamani kwetu baada ya kuthibitishwa kwa damu zetu.

Malale yenyewe inatufundisha jambo jingine. Kwa miongo mingi kila mgonjwa wa Kongo alitobolewa mgongo ili ijulikane kama vimelea vimefika kwenye ubongo, kwa sababu dawa za hatua hizo mbili zilikuwa tofauti. Kisha ikaja fexinidazole, vidonge vya siku 10 vinavyotibu hatua zote mbili, iliyoidhinishwa Kongo mwishoni mwa 2018. Wagonjwa wengi hawahitaji tena sindano ile. Kwa hiyo kumwondolea mgonjwa mateso ya mgongo si ndoto. Limefanyika katika ukanda huu, kwa utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa ukanda huu.

Namba tuliyonayo tayari

Wakati tukisubiri, kipo kipimo cha zamani kinachoitwa RPR. Hakihitaji mashine kubwa na kinapatikana katika hospitali nyingi za miji ya ziwa. Mtaalamu huchukua majimaji ya damu, huyapunguza nguvu nusu kwa nusu, na huangalia ni hatua gani ya mwisho ambayo bado yanaonyesha ugonjwa. Ni kama juisi ya ukwaju unayoiongezea maji mpaka ladha ipotee: iliyo kali hustahimili maji mengi. Majibu huandikwa 1:2, 1:4, 1:8, 1:16, 1:32 na kuendelea. Namba ya kulia ikiwa kubwa, ugonjwa una nguvu.

Namba hiyo ina siri mbili ambazo wagonjwa wengi hawaambiwi.

Ya kwanza ni kwamba inadokeza habari za ubongo. Mwaka 2004 Christina Marra na wenzake wa Seattle walionyesha kwamba mwenye 1:32 au zaidi ana uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuwa na kaswende ya mishipa ya fahamu kuliko mwenye namba ndogo. Kwa wenye Virusi vya Ukimwi, kupungua kwa seli za CD4 kuliongeza hatari hiyo. Si hukumu, ila ni kengele: mwenye namba kubwa na dalili za macho, masikio au kichwa hafai kurudishwa nyumbani na sindano moja.

Ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa msafiri. Mwaka 2008 timu hiyo ilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi waliotibiwa kaswende ya ubongo, namba ya RPR katika damu ikishuka inavyotakiwa, maji ya uti wa mgongo nayo huwa yamerudi katika hali nzuri. Kwa msingi huo mwongozo wa Marekani wa 2021 unasema mgonjwa mwenye kinga imara, au mwenye Virusi vya Ukimwi anayetumia dawa zake, hana haja ya kutobolewa tena mgongo ikiwa dalili zimepungua na namba ya damu imeshuka. Kwa maneno mengine, kwa kazi ya kufuatilia tiba, alama ya damu inayotafutwa tunayo tayari.

Lakini inafanya kazi kwa sharti moja: lazima iwe mfululizo. Kushuka kunakohesabika ni kwa hatua mbili kamili, mathalani kutoka 1:32 hadi 1:8, na kunaweza kuchukua mwaka mzima au hata miwili kwa ugonjwa wa zamani. Anayepanda kutoka 1:4 hadi 1:16 ama ameambukizwa upya ama tiba imeshindwa. Mwenye 1:8 leo anaweza kuwa ametoka 1:64, ikawa heri, au ametoka 1:2, ikawa hatari. Bila namba ya kwanza, ya pili ni bubu.

Bandari tatu, mgonjwa mmoja

Turudi gatini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na nchi nne mwambaoni. Kutoka Bujumbura mizigo na watu huelekea Kigoma, Uvira, Kalemie na Mpulungu. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Kiswahili ndicho lugha ya bei kuanzia Buyenzi hadi kwenye maghala ya bandari.

Chukulia mchuuzi wa vitenge aliyegundulika na kaswende ya muda mrefu Kigoma akiwa na 1:32. Amepewa dozi ya kwanza kati ya tatu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo yuko Bujumbura. Anaingia zahanati, anaeleza kwamba alidungwa sindano ya penisilini, lakini hana karatasi. Mhudumu ana njia mbili: amwamini mdomo, au aanze upya. Wengi huanza upya, na mgonjwa ambaye ameshalipa mara moja hukata tamaa baada ya sindano ya pili ya kwanza.

Miezi minane baadaye yuko Uvira, mjamzito. Anapimwa kwa kipimo cha haraka, kinasoma kaswende ipo. Aina hiyo ya kipimo kwa kawaida hubaki hivyo maisha yote hata kwa aliyepona, kwa kuwa kinaona kumbukumbu ya kinga wala si ugonjwa wenyewe. Hana pa kuonyesha kwamba alitibiwa. Mume anaitwa, maswali yanaanza: umeipata wapi, lini, kwa nani? Ndoa inatikisika kwa kukosa karatasi moja. Na kama siku zile sikio lake la kushoto limeanza kuziba, hakuna atakayejua kwamba alianzia 1:32, kengele ile ile ya ubongo.

Lugha huongeza mkanganyiko. Majibu ya Kigoma huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, ya Bujumbura na Uvira kwa Kifaransa. Maabara moja hutumia RPR, nyingine VDRL. Namba za vipimo hivyo viwili hazilinganishwi moja kwa moja, kama vile kilo na debe haviwekwi kwenye hesabu moja bila kubadilishwa.

Yaliyotupata zamani

Kuna watakaosema: basi wenye mamlaka wawapime watu wote mpakani na kuwawekea rekodi. Historia ya Uganda inatuonya. Mwaka 1908 Kanali Lambkin wa jeshi la Uingereza aliandika kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wana kaswende, akalaumu Ukristo na uhuru wa wanawake kwa kuvunja nidhamu ya zamani. Zikafuata kanuni za kuwalazimisha watu kupimwa. Mwaka 1913 ilianzishwa hospitali ya magonjwa ya zinaa iliyokuja kuwa Mulago. Miaka mingi baadaye, mwaka 1956, Daktari J.N.P. Davies wa Makerere aliupitia upya ushahidi huo na kueleza kwamba sehemu kubwa ya kilichoonekana haikuwa kaswende ya zinaa, bali aina iliyozoeleka vijijini, iliyopita kutoka mtoto hadi mtoto bila kujamiiana. Taifa zima lilikuwa limepakwa doa kwa uchunguzi usiotofautisha.

Tuna pia kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walikwama siku nyingi Malaba na Namanga kwa sababu nchi moja haikukubali majibu ya maabara ya nyingine. Jumuiya ikalazimika kuunda mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao ulibeba majibu yao kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo kutambuliana majibu kunawezekana. Tumeshafanya chini ya shinikizo.

Tofauti moja lazima izingatiwe. Mfumo ule ulikuwa wa kumruhusu au kumzuia mtu kupita. Kaswende haienei kwa kukaa foleni pamoja, na hakuna sababu ya ofisa wa mpakani kuijua. Rekodi yake inapaswa kuwa mali ya mgonjwa, mfukoni mwake, aionyeshe kwa mhudumu wa afya na si kwa mwingine. Ikigeuzwa kuwa sharti la kuvuka, watu watakimbia vipimo, na tutakuwa tumerudi mwaka 1908.

Kazi iko Bujumbura

Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya kinazitaka nchi wanachama zishirikiane kuzuia na kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Na chombo kinachofaa kuanza kazi hii hakiko mbali na bandari: Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapahapa Bujumbura.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wake na wa mawaziri wa afya. La kwanza ni kadi moja ya matibabu ya kaswende, ya karatasi ngumu, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Iwe na tarehe, jina la kipimo, namba iliyopatikana, dawa na dozi, bila kutaja ugonjwa kwenye jalada. Kadi ya karatasi haihitaji umeme wala mtandao, na itasomeka hata Mpulungu, ingawa Zambia haimo kwenye Jumuiya. La pili ni kukubaliana kipimo kimoja cha ufuatiliaji na kulinganisha ubora wa maabara za bandari za ziwa. La tatu ni kuhifadhi, kwa ridhaa ya wagonjwa, sampuli za damu na za maji ya uti wa mgongo zinazochukuliwa kwa sababu za tiba, ili alama mpya zitakapokuja tuzijaribu wenyewe.

Asitokee wa kusema miji ya ziwa haiwezi sayansi ya namna hiyo. Kati ya 1991 na 1994, zahanati za kawaida za vijiji vya Mwanza zilishiriki utafiti ulioonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilisoma matokeo hayo. Na mwaka 2002, tena kutoka Mwanza, ilionekana kwamba robo ya wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa walizaa watoto wafu, na kwamba dozi moja ya penisilini iliwaondolea hatari hiyo.

Penisilini yenyewe iangaliwe. Malighafi yake hutengenezwa na viwanda vichache duniani, na mwaka 2023 hata Marekani iliishiwa na sindano ya benzathini ikalazimika kuagiza kutoka Ulaya. Nchi za Jumuiya zikiagiza kwa pamoja zitakuwa na sauti kubwa kuliko kila moja kivyake. Wafanyabiashara wanaelewa hesabu hiyo kuliko waziri yeyote.

Mpaka hayo yatimie, msafiri wa ziwa asisubiri. Ukipimwa kaswende, uliza jina la kipimo na namba, kisha omba uandikiwe. Piga picha karatasi hiyo kwa simu na uihifadhi pamoja na picha za stakabadhi zako za forodha. Ukiambiwa dozi ni tatu, panga safari zako zikuruhusu kuzimaliza, au beba barua ya ile uliyopewa. Mwenzako naye apimwe, la sivyo utaambukizwa tena. Na ukiona ukungu machoni, sikio likiziba ghafla, au watu wa nyumbani wakikwambia umebadilika, usiende duka la dawa. Nenda hospitali, ukiwa na namba yako ya kwanza mkononi.

Hakuna mfanyabiashara anayepanda boti bila kujua mzigo wake ulipimwa kilo ngapi. Damu yake nayo aijue.